Ndala Chini ya Mlango

Zuhura mwanangu,

Salamu za hujambo sijambo tuziruke, maana tuko nyumba moja na ukikohoa nakusikia. Mama yako anakupangia begi upya, sijui ni mara ya ngapi, anasema hujui kukunja nguo. Mambo ya sweta la Dodoma, ya kutokula ovyo kwenye stesheni, ya kutompa kila mtu namba yako ya simu, yote ameshakuambia na kesho atayarudia. Mimi sina la kuongeza hapo. Nina jambo langu moja ambalo nimeshindwa kulisema kwa mdomo tangu mwaka juzi, na unanijua, mdomo si kitu ninachopungukiwa.

Nalisema hapa mwanzoni kabisa, ili hata ukiichana barua hii kabla ya kufika mwisho uwe umeshalipata. Si wewe uliyesababisha kifo cha Bibi. Ni mimi. Sasa nikueleze ilivyokuwa, na tafadhali usinionee huruma unaposoma, huruma yako nimeshaila sana.

Unajua jinsi nilivyompeleka pale nyumba ya wazee, njia ya Mwandiga. Alikuwa anaishi peke yake kijijini Simbo tangu babu yako afariki, na alipoanza kusahau chungu motoni nikamleta hapa Katubuka. Hapa nako akawa anashinda anaongea na kuta. Mama yako yuko sokoni na samaki wake, migebuka, wewe shule, mimi niko kazini nawalea wazee wa watu wengine. Nikaona afadhali awe palepale ninapofanya kazi, nimwone mchana kutwa. Baba yako mdogo Issa alikuja juu kweli. "Kaka, umempeleka mama kambini?" Aliniuliza hivyo mbele ya wakwe zake. Kwetu mtu hampeleki mzazi wake akalelewe na wageni, hilo hata mtoto mdogo wa Simbo analijua, na mimi nilikuwa nalijua kuliko Issa. Ndiyo maana lilinichoma, na ndiyo maana nilikuwa natafuta kitu cha kumjibu.

Kitu chenyewe kikaja kwenye maboksi. Unavikumbuka vile vidude vyeupe vya wafadhili, kimoja juu ya kila mlango, kingine chini ya kila godoro, na mkanda mwembamba mkononi mwa kila mzee. Na ile skrini kubwa ya chumba cha walezi yenye ramani ya nyumba nzima. Haikuonyesha picha ya mtu, taa tu. Kijani, mzee yuko salama. Njano, ametoka kitandani, yuko njiani. Nyekundu na kengele, amekaa bafuni kupita muda wake au ametoka getini. Wazee wenyewe ndio walioupa ule mtambo jina la Mbea, kwa sababu ulikuwa unatangaza nani ameenda chooni na amekaa sana. Mzee Barnaba alikuwa akifika chini ya kile kidude cha mlangoni anavua kofia, anakiamkia kwa Kiha. "Mwakeye, Mbea. Kawaambie naenda kukojoa."

Na nisimsingizie, Mbea alitusaidia sana. Mzee Barnaba huyohuyo alifanya kazi reli maisha yake yote, na alfajiri nyingine alikuwa anaamka amevaa koti anataka kuwahi stesheni, treni isimwache. Kabla ya Mbea tulikuwa tunamtafuta barabarani na tochi. Baada ya Mbea tulikuwa tunamkuta getini, tunamwambia treni imechelewa, anarudi kulala bila ugomvi.

Mimi ndiye niliyekabidhiwa kukaa na ile skrini, na mwanzoni nilikuwa naigusa kama sufuria ya moto. Msimamizi alijaribu kunifundisha akachoka. Wewe ukaja likizo, ukakaa na mimi, ukanicheka mpaka machozi, lakini nikajua. Baada ya hapo nani angeniambia kitu? Nilimpigia simu Issa makusudi. Nikamuuliza, "Mama yuko wapi sasa hivi?" Akasema, "Si huko ulikompeleka." Nikamwambia, "Ametoka kitandani dakika hii, anaelekea bafuni, amefika. Wewe uliyekuwa naye kijiji kimoja, ulikuwa unajua hayo?" Akakata simu. Nilifurahi siku nzima, Zuhura. Hata ugali wa muhogo siku ile niliongeza.

Tatizo likawa udhu wa Bibi. Unaukumbuka udhu wake. Mtu mwingine angekuwa ameshasali na kukunja mswala, yeye bado yuko kwenye vidole vya mguu wa kushoto. Mbea akawa anapiga kengele kila Adhuhuri na kila Alasiri. Mwamini, yule mlezi wa akina bibi, anakimbia, anafungua mlango, Bibi anamng'akia, "Mnanihesabia maji?" Akakulalamikia wewe, mjukuu wake, fundi wake. Ukaingia kwenye mtambo ukamwongezea muda wa bafuni.

Kila unapolisimulia hili unalisimulia kana kwamba ulifanya kwa siri. Hukufanya kwa siri. Uligeuka ukaniuliza, "Baba, nimwongezee?" Mimi nilikuwa nakunywa chai. Nikasema, "Mwongezee, mzee wa watu asali kwa raha." Umelisahau hilo, na mimi sikukukumbusha.

Siku ile jua lilikuwa limekaza. Wewe ulikuwa umebaki nyumbani. Msimamizi alikuwa mjini, mlezi mwingine wa kike amempeleka bibi mmoja hospitali, na Mwamini anafua mashuka kule chini bombani, nyuma ya michikichi. Ndani tulikuwa mimi, mpishi na mlinzi, wanaume watupu, na wazee wamejilaza. Mimi nilikuwa kwenye kiti changu. Taa ya Bibi ikawa njano, ikatembea mpaka bafuni, ikarudi kijani kwa kuwa muda wake ulikuwa bado kabisa. Kwa lile joto aliamua kuoga kwanza kabla ya udhu.

Kisha nikasikia ndoo. Sikuisikia kwa Mbea. Niliisikia kwa masikio yangu haya, ndoo imeanguka, na kitu kizito nyuma yake.

Nilifika mlangoni maji yakiwa bado yanatoka chini ya mlango. Yakanilowesha miguu.

"Mama?"

"Nani huyo?"

"Ni mimi, mama."

"Usiingie. Sina nguo."

"Umeumia?"

"Mwite Mwamini."

Mlango ule haukuwa na komeo. Makomeo yote ya bafuni niliyang'oa mimi mwenyewe, kusudi mlezi aweze kuingia wakati wowote. Ungeusukuma kwa kidole. Sikuusukuma.

Nataka ujue kwa nini, ingawa nikikueleza itaonekana najitetea. Nikiwa mtoto kule Simbo, nilikimbizwa na mbwa wa jirani nikajitupa ndani ya bafu letu la majani, kumbe mama anaoga. Hakunipiga. Alinigeuzia mgongo, na hakunisemesha mpaka jua likazama. Babu yako akaniita pembeni akaniambia kwamba mtoto wa kiume hamwoni mama yake akiwa hivyo, hata nyumba ikiungua. Nimekua na neno hilo. Nimewaogesha wazee wa kiume wa kila namna, nimewabadilisha nguo, sikuona kinyaa hata siku moja. Lakini kwa akina bibi walikuwepo Mwamini na wenzake, na kwa mama yangu mzazi mimi hata kitenge chake kikianikwa kambani nilikuwa napita mbali. Tena alikuwa amenikataza kwa mdomo wake. Mimi nilifundishwa kwamba mama akikataza, umekatazwa.

Basi nikafanya kila kitu isipokuwa kuingia. Nikampigia Mwamini simu, nikaisikia simu yake inaita jikoni, ameiacha kwenye chaji. Nikamtuma mlinzi, naye badala ya kushuka bombani akakimbilia dukani, akidhani ameenda kununua sabuni. Nikarudi mlangoni nikasema, "Mama, anakuja." Hakujibu. Nikaita tena. Nilimsikia anapumua, kwa shida.

Halafu nikafanya jambo linalonitia aibu kuliko yote. Nikaenda kutazama skrini. Nikamwacha pale sakafuni nikaenda kwenye kiti changu kutazama taa yake. Ilikuwa kijani. Nikajiambia, kijani, yuko salama. Mimi niliyesikia ndoo, mimi ambaye suruali yangu imelowa maji yake, nikakaa namwamini Mbea kuliko masikio yangu, kwa sababu Mbea ndiye pekee aliyekuwa ananiruhusu nisiingie. Sikukaa hapo kidogo. Nilikaa mpaka nikamsikia mpishi ananiita, ameshamfuata Mwamini bombani.

Nilirudi mlangoni, na Mwamini akaja mbio, mikono ina povu mpaka viwikoni.

"Baba Zuhura! Wasimama tu hivyo?"

"Hana nguo," nikasema.

Aliniangalia mara moja tu. Akasukuma mlango kwa bega. Mpaka leo hajawahi kuniuliza kitu, wala hajamwambia mtu, ila hajaniita tena Baba Zuhura. Siku hizi ananiita "wewe."

Hospitali daktari akauliza, "Amekaa chini muda gani?" Nikamjibu, "Hatujui, daktari. Kengele haikulia." Na kweli haikulia. Unauona ujanja wake? Sikusema uongo hata neno moja. Msimamizi alipokuja nikamwambia hivyohivyo. Issa naye, akiwa ametoka Simbo na matope miguuni, nikamwambia hivyohivyo. Kila nilipolirudia, lawama ilikuwa inanitoka mimi inauendea mtambo, na sikujishughulisha kujua itaishia wapi.

Iliishia kwako. Ulikuja barazani pale hospitali umejitanda khanga ya mama yako, midomo imekukauka. Ukasema, "Baba, ni mimi. Ni mimi niliyeongeza muda." Walikuwepo wote, Issa, mama yako, shangazi yako. Nilikuwa na nafasi, mwanangu. Neno lenyewe lilikuwa fupi. Badala yake nikakuwekea mkono kichwani, nikasema, "Nimekusamehe, mwanangu. Hukukusudia." Shangazi yako akaangua kilio, akasema kweli huyu mtoto ana baba. Issa, ambaye hatukuwa tunasemezana vizuri, akanishika bega.

Nilikusamehe kosa langu, Zuhura. Na watu wakanisifu.

Bibi hakurudi nyumbani. Nyonga ilikuwa imevunjika, na ule ubaridi wa sakafu ukamwingia kifuani. Tukamzika Simbo kabla ya mfungo. Lakini kabla ya hapo aliniambia jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote mpaka jioni ya leo.

Nilikuwa namlisha uji, wodini tuko wawili. Akasema, "Nilikuwa naziona ndala zako."

Sikumwelewa. Akasema, "Pale bafuni. Mlango una nafasi kwa chini. Nimelala, naziona ndala zako, ile moja uliyoishona kwa waya. Nikasema basi, mwanangu yupo."

Nikamuuliza kwa nini hakuniita.

"Ningekuitaje na mimi ndiye niliyekukataza?" Akameza uji. "Halafu zikaondoka. Hapo ndipo nilipoogopa."

Hakulisema kwa kunilaumu. Alilisema kama mtu anayesimulia habari ya mvua. Kisha akauliza, "Mbona Zuhura akija hanitazami usoni?" Nikamwambia una mawazo ya mitihani. Kwa hiyo na yeye nilimdanganya, akiwa amelala kitandani na mguu umefungwa, na amekufa akidhani mjukuu wake ana mawazo ya mitihani.

Nimeishi na hayo, na nimekutazama ukiishi na yako. Kabla ya hapo simu za Katubuka nzima zilikuwa zinaletwa hapa kwako. Ulikuwa huwezi kuona redio mbovu ukapita. Baada ya mazishi ukakichukua kile kiboksi chako cha bisibisi ukakisukuma chini ya kitanda, na mtu akileta simu unasema umesahau. Barua ya kile chuo cha ufundi ilipokuja uliikunja ukasema umebadili mawazo, unataka uuguzi. Mama yako akafurahi, nesi nyumbani ni baraka. Mimi nilijua. Nilikuwa nje ya dirisha napiga mswaki siku ile ulipokuwa unamwambia, "Mama, nikiuguza watu wengi labda nitaacha kuisikia ile kengele." Mama yako akakwambia, lakini kengele haikulia. Ukamjibu, "Ndiyo hiyo ninayoisikia."

Nilimaliza kupiga mswaki, nikaenda kazini. Hivyo ndivyo nilivyo baba yako, ujue unaagana na mtu gani.

Sikuambii uache uuguzi. Utakuwa nesi mzuri, una mikono mizuri na hujui kuchukizwa. Lakini kama unaenda Dodoma kulipia maisha ya Bibi, basi umepanda treni kwa ajili ya kosa ambalo halikuwa lako, na ni mimi niliyekukatia tiketi. Nenda kwa sababu unataka. Au usiende, urudi kwenye bisibisi zako, nitakwenda mwenyewe kuomba nafasi ile ya chuo kama bado ipo, nitapiga magoti mbele ya yeyote anayehusika. Au nenda huku ukifikiri, utaamua ukiwa mbali nasi. Sitaki kukuamulia tena.

Huko hospitali za wakubwa utakutana na akina Mbea wengi kuliko wetu, wenye taa za kila rangi. Usiwachukie kwa ajili yangu. Ule mtambo haukukosea kitu. Uliambiwa usubiri, ukasubiri. Mimi hakuna aliyenizuia ila hofu na haya. Mara nyingi nimejiuliza, kama ule mtambo usingekuwepo ningeingia? Sijui. Nafikiri ningesimama pale nje, nisiwe na pa kwenda, na labda kusimama kungenishinda nikasukuma. Kiti changu ndicho kilichonipa pa kukimbilia. Siku hizi sikai tena kwenye kile kiti. Niliomba nirudishwe kuogesha, msimamizi akashangaa, akasema mtu mzima hashuki cheo kwa hiari.

Na juzi bibi mmoja aliteleza koridoni, khanga ikamfunuka, na walezi wa kike walikuwa mbali. Nilimwinua. Nilifumba macho, kweli, nikapapasa kama kipofu, akanitukana mpaka tukafika kitandani. Lakini nilimwinua. Nililia baadaye jikoni, mpishi akadhani ni vitunguu. Ningeweza, Zuhura. Ilikuwa jambo dogo kiasi kile.

Mama yako nimemwambia jioni hii. Ndiyo maana begi lako linapangwa na kupanguliwa tangu saa ile. Hakunigombeza. Aliendelea kukunja nguo zako, kisha akasema, "Mwandikie. Ukimwambia kwa mdomo utapamba." Basi sijapamba.

Nilitaka kuificha barua hii begini, chini ya vitenge, uikute ukiwa umeshapita Kaliua na mimi siko karibu. Nilishaikunja kabisa. Nikaona huko ni kwenda tena kwenye kiti changu. Kwa hiyo nitaipitisha chini ya mlango wa chumba chako asubuhi, nikishasali Alfajiri. Treni ni ya jioni, una mchana mzima wa kunikasirikia. Kile kiboksi cha bisibisi nimekitoa chini ya kitanda chako ulipokuwa msalani, nimekifuta vumbi, nitakuwa nacho mkononi. Kukichukua au kukiacha ni juu yako.

Ukimaliza kusoma, tazama chini ya mlango. Utaziona ndala zangu, zilezile, na ule waya wake. Sitakwenda kokote. Ukitaka kuninyamazia mpaka jua lizame, ninyamazie, nimestahili. Ukisema nisiingie, nitasimama palepale.

Ila nikikusikia unalia, mwanangu, nausukuma mlango.

Baba yako